Orodha ya vijana wa kijiweni: kabla hujaipeleka kituoni

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, pembezoni mwa Dar es Salaam. Tangu mwaka uanze simu zinakwapuliwa karibu kila jioni: kina mama wakitoka sokoni, wanafunzi wakishuka kwenye daladala. Kikao kimeniagiza niandike orodha ya vijana wanaoshinda kijiweni niipeleke polisi. Nimefikisha watu 23, nakutumia picha yake, majina nimeyaziba. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba mmoja, huyo niliyemwekea alama, ni mtoto wa jirani yangu, ana miaka 17, aliachia shule kidato cha pili. Kaka yake, baba mmoja mama mmoja, anaendesha bodaboda ya mkataba, bado miezi minne pikipiki iwe yake, na hana neno na mtu. Wazee wanasema ni malezi, shehe anasema ni dini, polisi kata anasema ni bangi. Ninyi wa sosholojia mnasemaje? Na hii orodha niipeleke?

Jibu: Mwenyekiti, hao ndugu wawili wameshawajibu wazee wako. Sufuria moja, fimbo moja, madrasa moja. Mmoja anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, mwingine anakwapua simu. Malezi yana nguvu na dini ina nguvu, lakini kitu walichokipata wote wawili kwa kipimo kilekile hakiwezi kueleza kwa nini wametofautiana. Bangi ina mantiki kidogo zaidi, ila sidhani kama inavutwa upande mmoja tu wa barabara.

Sosholojia huliendea jambo hili kwa maswali mawili, na watu wengi hulisikia la kwanza tu. La kwanza ni: kwa nini huyu kavunja kanuni? La pili: kanuni hiyo kaitunga nani, nani anahesabiwa kuwa kaivunja, na akishahesabiwa inakuwaje? La kaka na mdogo wake ni la kwanza. La orodha ni la pili, na huko ndiko nitakakokaa zaidi, kwa sababu orodha iko mikononi mwako na bangi haiko.

La kwanza, basi. Mwaka 1938 Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, mtoto wa wahamiaji maskini aliyekulia Philadelphia, alichapisha makala ambayo bado tunawasomesha wanafunzi. Hoja yake ni kwamba jamii humfundisha kila mtu kutamani vitu vilevile, lakini njia halali za kuvipata haiwagawii watu sawasawa. Anayebaki na tamaa bila njia lazima afanye kitu. Wengi huvumilia. Wengine huacha kutamani na kujimalizia kwenye pombe. Na wapo wanaoshika lengo na kuitupa kanuni. Huyo Merton alimwita mbunifu, na hakuwa anatania. Sisi jambo hilo tumelimaliza kwa maneno mawili: mjini mipango. Yasikilize vizuri siku nyingine ukiyasikia. Hayataji kazi wala kisomo. Yanasema ukishafika, hakuna atakayekuuliza ulipitia wapi.

Lakini kaka naye ni maskini, na naye anatamani. Mwaka 1960 Richard Cloward na Lloyd Ohlin waliziba pengo hilo: hata njia za haramu hazigawiwi sawa. Wizi nao una uanagenzi wake. Simu iliyokwapuliwa saa kumi na mbili jioni haina thamani mpaka izimwe, laini itupwe, imfikie mtu wa kuflashi, kisha apatikane mnunuzi asiyeuliza risiti. Kijana asiyewajua watu hao ana kioo kinacholia mfukoni, basi. Kwa hiyo uliza ni nani aliyemtambulisha mdogo kwa mnunuzi. Edwin Sutherland alishasema tangu miaka ya 1930 kwamba uhalifu hufundishwa na watu wa karibu kama ushonaji unavyofundishwa: mkono unazoea, na ulimi nao unapewa maneno. Maneno hayo Gresham Sykes na David Matza waliyapanga mwaka 1957, na ukipita kijiweni utayasikia kwa lafudhi ya Mbagala. Yule ana hela, atanunua nyingine. Kwani nimemuumiza? Wakubwa wanaiba mabilioni. Nilikuwa na washikaji, ningewaacha? Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, ila hawa wawili waliona kitu ambacho mbaazi haukionyeshi: kisingizio hutangulia tendo. Mtu hujisamehe kwanza, ndipo akakwapua.

Anayewaelezea ndugu zako hawa vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Travis Hirschi. Mwaka 1969, baada ya kuwahoji maelfu ya wanafunzi wa sekondari huko Richmond, California, aliligeuza swali kichwa chini. Alisema tamaa ya kuchukua cha mtu haihitaji maelezo, kila mtu anayo; kinachohitaji maelezo ni kwa nini wengi wetu hatuchukui. Jibu lake ni kamba: mtu unayemjali asikuone vibaya, mali au juhudi uliyowekeza utakayoipoteza, shughuli inayokula muda wako, na kuamini kwamba kanuni ina haki. Sasa mtazame kaka. Akilala rumande siku tatu, hesabu ya siku tatu haijapelekwa, mwenye pikipiki anaichukua, na jasho lote la nyuma limekwenda. Kituoni kwake ana viongozi, ana namba mgongoni kwenye reflekta, ana abiria wanaompigia alfajiri awawahishe kazini. Tabia yake njema ina tairi mbili na namba ya usajili. Mdogo akilala rumande siku tatu anapoteza nini? Labda kiti chake pale kijiweni, na hicho akirudi atakikuta kimeongezeka heshima.

Sasa la pili.

Mwaka 1973 William Chambliss alichapisha utafiti mdogo kuhusu makundi mawili ya wavulana wa shule moja ya sekondari nchini Marekani, aliokuwa amewafuatilia kwa miaka miwili. Kundi moja lilikuwa na wavulana wanane wa familia zenye nafasi, aliwaita Watakatifu. Jingine lilikuwa na sita wa familia za chini. Hao aliwaita Wakorofi. Watakatifu walitoroka shule karibu kila siku, waliendesha magari wakiwa wamelewa, waliiba taa na vizuizi vya barabarani vilivyowekwa kwenye matengenezo, wakavipanga mahali pengine ili magari yatumbukie mashimoni, kisha wakakaa pembeni kucheka. Wakorofi walipigana, walikunywa, waliiba vitu vidogo dukani. Kwa hesabu ya madhara hayakuwa makundi yaliyoachana mbali. Katika miaka yote miwili hakuna Mtakatifu hata mmoja aliyekamatwa rasmi. Wakorofi walikuwa kituoni kila mara.

Sababu alizozitoa Chambliss zisome ukiwa na picha ya mtaa wako kichwani. Watakatifu walikuwa na magari, kwa hiyo upuuzi wao waliufanyia mbali, mji wa jirani, usiku. Wakorofi hawakuwa na gari. Walisimama kwenye kona moja katikati ya mji, mahali ambapo kila mtu alipita na kila mtu aliwaona. Kijiwe, Mwenyekiti. Kisha, Watakatifu wakisimamishwa na askari waliinamisha vichwa, "samahani afande," wakaachiwa. Wakorofi walimjibu askari kama walivyomwona. Na mwisho kabisa, mji ulishaamua nani ni mtoto mzuri aliyeteleza na nani ni mhalifu aliyeonekana. Baadaye Watakatifu saba kati ya wanane walienda chuo. Wakorofi wawili waliokolewa na mpira: walipata ufadhili wa michezo, wakamaliza chuo, wakawa walimu wa michezo, na hao ndio wananipendeza zaidi katika hadithi nzima, maana mtu mmoja aliwapa jina jingine nao wakalivaa. Wengine wawili waliishia gerezani kwa mauaji.

Nilipoisoma chuoni niliona ni mambo ya Wamarekani. Baadaye nilikaa asubuhi moja kwenye benchi la nyuma la mahakama ya mwanzo, sitaitaja. Waliletwa vijana kumi na kitu kwa uzururaji. Mmoja alikuwa na kandambili moja. Nyingine ilibaki chini alipokuwa anapandishwa karandinga, na wakati wote alisimama ameuficha mguu mtupu nyuma ya ule wenye kandambili. Hakimu akamuuliza kazi yako nini. "Naokota chupa, mheshimiwa." Kazi ya kuokota chupa hufanyiwa barabarani. Kijana alikamatwa akiwa kazini.

Sheria iliyomleta pale ina ukoo mrefu. Mwaka 1824 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwakamata wazururaji, wakati barabara zake zilipojaa maskini na askari walioachishwa kazi baada ya vita vya Napoleon. Maneno yake yakasafiri na ukoloni mpaka kwenye kanuni zetu za adhabu, na uhuru ukayakuta humo ukayaacha. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, palepale Arusha, ilitoa maoni ya kisheria kwamba sheria za aina hiyo, zinazomwadhibu mtu kwa hali yake badala ya alichotenda, zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Shikilia tofauti hiyo, hali na tendo. Nitairudia nikifika kwenye orodha yako.

Kwamba jina la mhalifu hubandikwa, sisi watu wa nchi hii hatuhitaji profesa wa Chicago kutuonyesha. Walioishi mwaka 1983 wanakumbuka msako wa wahujumu uchumi. Katoni za sabuni chini ya kitanda na magunia ya sukari stoo vilitosha kumfanya mtu mhujumu uchumi. Watu walitupa bidhaa usiku kwa hofu. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mlango ukazidi kufunguka, na aliyekuwa mlanguzi akaitwa mfanyabiashara. Sabuni ni ileile. Au mtazame machinga. Mwaka huohuo wa 1983, chini ya Sheria ya Nguvukazi, asiye na kazi inayotambulika alipakiwa kwenye lori kurudishwa shamba. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa vitambulisho 670,000, shilingi 20,000 kila kimoja, na mtu yuleyule akawa mjasiriamali mdogo. Mwaka 2021 akaambiwa aondoke barabarani. Meza haikubadilika, wala soksi zilizokuwa juu yake. Howard Becker aliandika mwaka 1963 kwamba upotovu haumo ndani ya tendo lenyewe. Ni jina ambalo wenye uwezo wa kubandika wamelibandika, na likashika.

Hapa nitahadhari, kwa sababu wanafunzi wangu hulewa nadharia hii. Kukwapua simu ni wizi, utaiita hivyo Mbagala na utaiita hivyo Chicago. Mama aliyeteguka mkono akiivuta simu yake hakuteguliwa na jina lililobandikwa. Kinachosemwa ni kwamba mkono unaobandika jina una upendeleo. Sutherland alipochunguza kampuni 70 kubwa za Marekani, kitabu chake cha 1949 kikaonyesha maamuzi 980 ya mahakama na tume dhidi yao, wastani wa 14 kwa kila kampuni. Mchapishaji akaogopa, na majina ya kampuni yakaondolewa mpaka toleo la 1983. Angalia na magazeti yetu: kibaka "ameiba", mhasibu "ameisababishia mamlaka hasara". Kibaka akikamatwa sokoni hushughulikiwa na "wananchi wenye hasira kali". Sijawahi kusoma kwamba wananchi hao walifika kwenye ofisi ya mhasibu.

Hao wenye hasira kali Émile Durkheim aliwaelewa mwaka 1893 bila kuwaona. Alisema adhabu haimlengi sana mkosaji. Inawalenga waaminifu, iwahakikishie kwamba bado wako pamoja na kanuni bado ni zao. Ndiyo maana kikao chako kilipoagiza orodha kila mtu alitoka ametulia, ingawa jioni ileile simu nyingine ilikwenda. Orodha imeshafanya kazi yake ya kwanza. Ya pili, kupunguza wizi, ndiyo ninayoitilia shaka.

Edwin Lemert alitenganisha mwaka 1951 makosa ya aina mbili. Lile la kwanza mtu hulifanya kwa sababu elfu moja, na kama hakuna anayelikuza huweza kuishia hapo. La pili hutokana na jinsi watu walivyolipokea la kwanza: mtu ameshaitwa mwizi, anaanza kuishi kama mwizi kwa sababu milango mingine imefungwa. Fikiria jina likishafika kituoni. Simu ikipotea, anafuatwa yeye. Fundi gereji aliyetaka kumchukua anaghairi. Mama yake anaambiwa maneno kwenye foleni ya maji. Mahali pekee anapopokelewa bila maswali ni kijiweni, kwa wale waliomfundisha. Kamba za Hirschi zinakatwa moja baada ya nyingine, na mkasi ni karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa.

Kuna atakayekuambia basi tuanzishe sungusungu, ulinzi wa jadi wa wananchi wenyewe. Sungusungu wa Usukuma na Unyamwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipunguza wizi wa ng'ombe kweli, na silaha yao kali haikuwa mshale. Ilikuwa kumtenga mtu, asisalimiwe, asipewe moto. Kutengwa kijijini kunauma kuliko jela. Lakini chombo hichohicho kiliwageukia vikongwe wenye macho mekundu, macho yaliyowiva kwa moshi wa jikoni, wakapigwa na kufukuzwa kwa uchawi. Waliokuwa wakilinda ng'ombe na waliofukuza bibi walikuwa watu walewale.

Upande mwingine upo pia. Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, na ilikuwa ya kwanza Afrika Bara kusini mwa Sahara. Watu ambao mtaa uliwaita mateja na kuwakimbiza wakaanza kupanga foleni kila asubuhi kunywa dawa mbele ya muuguzi. Faili la mtu likahama kutoka polisi kwenda hospitali. Hakuna aliyewahubiria; walibadilishiwa jina na mahali pa kwenda asubuhi.

Sasa orodha yako. Nimeikuza nikaisoma. Safu ya nne umeandika "tabia", na humo kuna "si mzuri", "anavuta", "mgeni", "rasta", "anakaa tu". Kati ya 23 nimehesabu watano tu walioandikiwa tendo, siku, na mtu aliyeona. Hao watano ni malalamiko halali: waliokwapuliwa waende wenyewe wakafungue jalada, wapewe RB, yaani namba ya taarifa yao kituoni, na mashahidi wao wajulikane. Hao kumi na wanane wengine umeandika hali zao. Ningekuwa mimi, karatasi hiyo ningeichana na kikao ningekiambia nimeichana na kwa nini. Utasemwa. Ni gharama ya kiti.

Mtoto wa jirani ni miongoni mwa wale watano, nimeona. John Braithwaite, mwaka 1989, alitofautisha aibu inayomtenga mtu na aibu inayomrudisha: ya pili hulaani tendo mbele ya watu anaowaheshimu, halafu humwachia mtu mlango. Mwite nyumbani, si ofisini. Awepo baba, awepo kaka, na kama aliyeibiwa atakubali, awepo yeye, aeleze simu ile ilikuwa na nini ndani. Alipe, hata kwa mafungu. Kisha kaka amtafutie kazi ya kuosha pikipiki kituoni kwao, kazi ya asubuhi, yenye watu watakaomuulizia asipofika. Haihakikishi kitu. Ni kamba mbili tu, ila leo hana hata moja. Na kama aliyeibiwa anataka mkondo wa sheria, ni haki yake, usimbembeleze.

Kuhusu mtaa wenyewe, utafiti ninaouamini zaidi ni wa Robert Sampson na wenzake, uliochapishwa mwaka 1997. Walihoji watu 8,782 katika maeneo 343 ya Chicago. Miongoni mwa maswali: watoto wakionekana wametoroka shule wamekaa kona, je, majirani zako watafanya jambo? Mahali ambapo watu walijibu ndiyo, na waliaminiana, ukatili ulikuwa mdogo, hata umaskini ulipowekwa kwenye hesabu. Zamani swali hilo kwetu lisingeulizwa. Mtu mzima yeyote angesema "we mtoto wa fulani, shule vipi?" Sasa wapangaji wanahama kila miezi sita, na hakuna anayejua mtoto ni wa fulani gani. Kabla hujazungumzia ulinzi, itisha kikao cha watu wa njia moja tu, ile ya kutoka sokoni, wajuane majina. Wauza chipsi na mama ntilie wanaokaa pale jioni waalikwe kwanza, maana ndio wenye macho saa kumi na mbili.

Na kuna jambo limekaa wazi tangu mwanzo wa jibu hili. Simu zote hizo zinanunuliwa na mtu, mahali fulani si mbali, kabla hakujapambazuka. Vijana wanamjua, na nadhani wajumbe wawili watatu wa kikao chako wanamjua. Huyo hashindi kijiweni. Kwenye orodha yako simwoni.